Desa likisambaa, nani anapoteza?

Mkutubi wenu anajibu barua za wasomaji

Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya ualimu wa baiolojia na kemia. Muhula huu masomo mawili tunafundishwa mtandaoni. Kila muhadhara ukiisha naandika muhtasari wangu na kuurusha kwenye grupu la darasa, maana tuko zaidi ya 140 na wengi hawana bando la kufuatilia mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu ananiambia najichimbia kaburi, kwamba wanaosoma desa langu ndio watakaonipita kwenye mtihani. Wiki iliyopita nikarusha na slaidi za mwalimu. Akaja juu, akasema nimegawa mali isiyo yangu. Niache?
*Mgawa Desa, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Usiache. Ila umechanganya vitu viwili ambavyo lazima tuvitenganishe: muhtasari wako na slaidi za mwalimu.

Nianze na rafiki yako. Mwaka 2003 nilikuwa nasoma shahada ya kwanza, na chuo chetu kizima kilitegemea dishi moja la satelaiti. Kebo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, ilikuja kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mimi nimeshaanza kazi. Chumba cha kompyuta ulijiandikisha kwenye daftari, nusu saa kila mtu. Makala ya kurasa 12 iliweza kushuka mpaka zamu yako ikaisha, na umeme ukikatika unaanza upya. Hosteli tulikuwa wasichana watano chumba kimoja. Aliyebahatika kupata makala aliichapa, tukaisoma kwa zamu, na kila aliyemaliza alitakiwa kuwasimulia wenzake kabla taa hazijazimwa. Mmoja wetu alikuwa na swali lake moja tu: "Kwa hiyo?" Unamaliza kueleza, umeridhika, anakutazama: "Kwa hiyo?" Swali hilo lilinirudisha kwenye karatasi mara tatu kwa aya moja. Mpaka leo naweza kukueleza makala zile bila kuzifungua, na zile nilizosoma peke yangu mwaka huohuo zimeshanitoka.

Wewe unayesikiliza, ukachuja, ukaandika kwa maneno yako, umeshafanya kazi ambayo hakuna anayeweza kuipakua. Anayesoma desa lako anapata kilichotoka kwenye kazi hiyo. Akikupita, ujue naye amepiga msuli mahali pengine, na hajakupunguzia alama hata moja. Daraja A halina idadi ya viti. Mwambie rafiki yako hivyo kwa upole, kisha mpe wiki moja naye aandike. Nadhani atabadilika akiona wenzake wanavyouliza maswali juu ya alichoandika.

Sasa slaidi. Hapo mwalimu wako ana haki, na ningekuwa yeye ningeudhika pia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda namna mtu alivyoieleza kazi yake: maneno yake, michoro yake, mpangilio wake. Maarifa yenyewe hayalindwi. Namna seli inavyogawanyika si mali ya mtu, ndiyo maana muhtasari ulioandika kwa maneno yako ni wako, mradi hukunakili sentensi zake. Mchoro alioukesha kuuchora ni wake, au wa chuo, kutegemea mkataba wake wa kazi. Nenda ukamwombe radhi ana kwa ana, usimtumie ujumbe. Ukishasamehewa, muulize kama angekubali kuweka leseni ya Creative Commons kwenye slaidi zake zijazo. Leseni hizo zipo tangu 2002. Akiandika chini ya ukurasa wa kwanza "CC BY", ametoa ruhusa ya kunakili na kusambaza, ilimradi jina lake litajwe. Walimu wengi hawakatai, ila hawajawahi kuulizwa.

Na kwa somo lako hasa, kuna hazina iliyotayarishwa kwa njia hiyohiyo. African Virtual University, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilishirikiana na vyuo vya nchi 10 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuandika moduli za kufundishia walimu wa hisabati, fizikia, kemia na baiolojia, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Zilitolewa kwa leseni huria. Zimeandikwa na walimu wa vyuo vyetu kwa ajili ya wanafunzi kama wewe, na bado naona wanafunzi wa ualimu wanamaliza mwaka wa tatu hawajazifungua.

Neno moja kuhusu bando. Muhadhara ukirekodiwa kwa video nzuri, saa moja inaweza kumeza gigabaiti nzima na zaidi. Sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa hiyohiyo, ni kama megabaiti 29. Ukiishusha hadi 32, ambayo kwa sauti ya mtu anayeongea inasikika vizuri tu, ni megabaiti 14 na kidogo. Kwa hiyo muhtasari wako wa kurasa mbili pamoja na sauti hiyo vinaweza kuhama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila bando la mtu yeyote kuguswa. Na kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, waombe waruhusu masomo yapakuliwe kwenye programu ya simu, muyachukue mkiwa kwenye mtandao wa chuo na kuyasoma hosteli.

Jambo dogo la mwisho linalonisumbua kila siku hapa dawatini. Wanafunzi wananiletea simu nitafute desa, ndani kuna mafaili 60, yote yanaitwa DOC na tarehe na WA0017, WA0018. Hakuna anayejua lipi ni la wiki ya nne. Kabla hujarusha, lipe faili jina: somo, wiki, mada, na jina lako. Jina lako liwepo. Umeifanya kazi.

Shikamoo. Ninaandika pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu malaria kwa wajawazito. Makala ninayoihitaji zaidi tovuti inadai karibu dola 40, na ina kurasa tisa. Ninafikiria kulipa tu.
*Muuguzi, Mwanza*

Marahaba. Tafadhali usilipe. Tangu mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wana mpango wa kusoma majarida ya afya, ulioitwa HINARI, ambao leo ni sehemu ya Research4Life, na taasisi za nchi kama yetu huingia bila ada. Anayejiandikisha ni chuo au hospitali, kwa hiyo nywila haiko kwenye tovuti, iko kwa mkutubi. Nimewahi kukutana na mwanafunzi aliyekata kwenye bumu lake kulipia makala, na nywila ya kuisoma bure ilikuwa kwenye droo yangu, hatua kumi kutoka alipokuwa amekaa. Iliniuma sana. Tangu siku ile nimebandika tangazo mlangoni.

Kama chuo chako hakijajiandikisha, chukua kichwa cha makala ukakitafute kwenye PubMed Central, hifadhi ya makala za tiba mtandaoni. Tafiti zilizogharimiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani zinatakiwa kuwekwa humo bure tangu 2008, na za malaria ni nyingi. Ikikosekana, mwandikie mtafiti mwenyewe kwa baruapepe: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba nakala. Mistari mitatu inatosha. Pesa ile ya tovuti haimfikii, na watafiti hufurahi kusomwa.

Na usisahau majarida ya kwetu. African Journals Online ilianza 1998 na inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Humo utakuta Tanzania Journal of Health Research, na pendekezo la malaria ya Mwanza lisilomtaja mtafiti hata mmoja wa hapa nchini litaulizwa maswali, tena kwa haki.

Nimemaliza kozi ya wiki sita ya takwimu mtandaoni, wananitaka nilipie cheti. Kitanisaidia kupata kazi?
*Mhitimu mtarajiwa, Morogoro*

Cheti cha wiki sita hakisimami mahali pa shahada. Ukitaka shahada kwa masomo ya mbali, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo kwa sheria tangu 1992. Kwa hiyo usikope kwa ajili ya cheti. Kozi yenyewe, ukiwa umeielewa kweli, ina thamani. Chukua takwimu za sensa ya 2022 zilizotangazwa na serikali, chagua mkoa wako, zichambue kwa ulichojifunza, andika kurasa nne, na uzipeleke kwenye usaili pamoja na barua ya maombi. Kabla ya hapo niletee nizisome. Alhamisi mchana huwa niko dawatini.