Maswali na Majibu: Matumbawe nyumbani, mbali na pwani

Toleo lililopita tuligusia tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hai, na barua zilizofuata zinaonyesha kwamba wengi wenu hamtaki tangi dogo la mezani. Mnataka kubwa. Tunawaunga mkono, kwa sababu maji mengi huchelewa kuharibika. Lakini Uganda haina pwani, na kila lita ya bahari itakayoingia sebuleni kwako lazima uitengeneze mwenyewe. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu uzito, maji na umeme, na samaki wamewekwa mwisho.

SWALI: Nataka tangi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 60, likae ghorofa ya kwanza. Fundi wa vyuma ananihakikishia kuwa stendi itabeba. Niendelee? – *Msomaji, Ntinda*

JIBU: Fundi wako anasema kweli kuhusu stendi. Bomba za mraba za milimita 50 kwa 50, zenye unene wa milimita 3, zikichomelewa vizuri zinabeba mzigo huo bila shida. Swali ni sakafu iliyo chini ya stendi. Piga hesabu: maji yapatayo lita 750, na kila lita ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, hivyo ni karibu kilo 770. Vioo vya milimita 15 ni kilo 175, bila kuhesabu mikanda ya juu. Miamba kilo 60, mchanga 50, stendi 100, na tangi la chini, yaani sampu, ambamo maji hushukia na pampu kuyarudisha juu, pamoja na maji yake kilo 150. Jumla imepita kilo 1,300 juu ya mita ya mraba 1.4. Sakafu za ghorofa za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Slabu inaweza isianguke, lakini ikipinda hata milimita chache, kona moja ya kioo itabeba kuliko nyingine, na gundi itaachia.

Ushauri wetu ni mmoja: liweke chini, juu ya slabu iliyomwagwa ardhini. Ukishikilia ghorofa, mhandisi wa majengo aone michoro ya nyumba kabla hujanunua kioo. Fundi wa vyuma hana namna ya kujua nondo zimelala vipi ndani ya slabu.

Kuhusu kioo, usikubali kile kilichopashwa moto kikawa kigumu, kinachovunjika punjepunje kama cha dirisha la gari. Hakitoboki, ukikigusa na drili kinalipuka chote, nawe unahitaji matundu ya mabomba. Toboa kabla ya kuunganisha vioo kwa gundi, kwa msumeno wa duara wenye almasi, huku maji yakitiririka juu ya tundu. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na uache nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya kioo na kioo. Mafundi wengi hubana vioo mpaka gundi yote inatoka nje, na hilo ndilo hulegeza viungo. Acha wiki mbili ikauke, kisha lijaze maji ya bomba nje ya nyumba kwa siku tano ukilitazama kila kiungo.

SWALI: Naishi karibu na ziwa Nalubaale (Viktoria), na chumvi ya Katwe ni rahisi. Kwa nini ninunue chumvi ya ng'ambo? – *Msomaji, Entebbe*

JIBU: Chumvi ya ziwa Katwe, kule Kasese, si chumvi ya bahari. Maji ya ziwa lile yana kabonati na salfeti nyingi, na uwiano wake wa kalisi na magnesi ni mwingine kabisa. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalisi na kabonati. Uwiano ukiharibika yanakufa polepole huku kipimo chako cha chumvi kikionyesha kwamba kila kitu ni sawa. Chumvi ya mezani nayo haifai, kwa sababu karibu yote ni sodiamu kloridi. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe. Kwa mfumo wa lita 850, yaani tangi na sampu, ukikadiria gramu 38 kwa lita, utahitaji kilo 32 kujaza mara ya kwanza. Ongeza akiba, maana kila wiki mbili utabadilisha asilimia 10 ya maji, na kila mara hiyo itakula zaidi ya kilo 3.

Maji ya kuchanganyia lazima yawe matupu. Yanayotoka bombani yana klorini, na yanaweza kuwa na fosfeti, nitrati na chembe za shaba kutoka kwenye mabomba. Ya mvua kutoka kwenye mabati yana zinki. Tumia mtambo wenye kichujio cha uchafu, kichujio cha mkaa, utando wa kuchuja kwa shinikizo, na mwisho resini, yaani punje zinazonasa madini yaliyobaki. Mkaa hauwekwi kwa hiari, kwani klorini ikiufikia utando huo inauharibu.

Hapa wengi hukwama. Utando unahitaji shinikizo la baa 3.5 hadi 4. Tangi la maji lililoinuliwa mita 6 juu ya mtambo linatoa baa 0.6 tu, kwa sababu kila mita 10 za kimo ni baa 1. Utasubiri siku nzima upate ndoo, na mita ya usafi wa maji itasoma vibaya. Weka pampu ndogo ya kuongeza shinikizo kabla ya utando. Kwa kila lita safi tarajia kumwaga lita tatu hivi. Yaelekeze kwenye pipa la kufulia au kwenye migomba, hayana dhara.

Tia chumvi ndani ya maji, usimimine maji juu ya chumvi. Ukigeuza utaratibu, kalisi inaganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Koroga kwa pampu usiku mzima, fikisha nyuzi 25, kisha pima: unataka gramu 35 kwa kilo ya maji, yaani uzito mara 1.026 ya ule wa maji matupu. Na maji yanayopungua kila siku kwa mvuke yarudishie kwa maji matupu. Chumvi haipandi na mvuke.

SWALI: Umeme ulipokatika, sampu ilifurika na zulia likaloa. Nilikuwa nimeweka vali ya kuzuia maji kurudi. Tangi ni mita 2 kwa sentimita 70, sampu ni sentimita 100 kwa 45 kwa 45. – *Msomaji, Jinja*

JIBU: Kila sentimita moja ya maji ya juu katika tangi lako ni lita 14. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha maji hugeuka mrija wa kunyonya, na litashusha maji hadi mdomo wake upate hewa. Kama mdomo umezama sentimita 10, zinashuka lita 140. Sampu yako ikiwa na maji ya kimo cha sentimita 25, nafasi iliyobaki ni lita 90. Hapo zulia haliwezi kupona.

Vali usiitegemee. Konokono mdogo au ganda la chokaa likikaa kwenye ulimi wake, haifungi. Inua mdomo wa bomba ubaki sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, na chora mstari kwenye sampu ambao maji hayapiti pampu ikiwa inafanya kazi. Kisha zima swichi makusudi ukiwa umesimama hapo na ndoo, uone yanakoishia. Mabomba ya kushusha maji nayo yawe mawili: moja lenye vali ya kurekebishia, linalojaa maji bila hewa na kunyamaza, na la pili tupu, kwa ajili ya siku la kwanza litakapozibwa na mwani.

SWALI: Inveta ya ukubwa gani itabeba tangi lote? – *Msomaji, Mbarara*

JIBU: Usijaribu kubeba lote. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, tena usiku zaidi, wakati mwani na matumbawe hayatengenezi oksijeni bali yanaitumia. Nasi huku juu tunaanza na upungufu: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko Mombasa. Basi betri ibebe pampu za mawimbi mbili, wati 40 kwa jumla, moja ikielekezwa juu ivunje uso wa maji. Saa 12 ni wati-saa 480, na ukihesabu upotevu wa inveta ni kama 565. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200. Tumia nusu yake tu ili idumu. Inatosha.

Taa zisubiri. Hita nazo zisubiri: lita 850 zinapoa taratibu. Nunua hita mbili za wati 300 badala ya moja ya 600, ili moja ikikwama kwenye kuwaka isipike samaki. Kwa matumizi ya kawaida, pampu, skima (mtambo wa kutoa uchafu kwa povu), taa saa 9 na hita, kadiria yuniti 8 kwa siku, kama 240 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi. Kama hesabu hiyo inakutisha, jenga tangi la nusu ya ukubwa huo. Halina aibu yoyote.

SWALI: Mawe ya chokaa ya Tororo na mchanga wa Lwera vinafaa? – *Msomaji, Mukono*

JIBU: Hapana kwa vyote viwili. Miamba ya upande wa Tororo na Sukulu ina madini ya fosfeti, na fosfeti ni chakula cha mwani; sisi tunaitaka chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Mchanga wa Lwera ni silika. Tumia miamba mikavu yenye vitundu vingi na mchanga wa aragonaiti, aina ya kalisi kabonati.

SWALI: Samaki wangu watafika Entebbe baada ya safari ya saa 30. Niwadondoshee maji kwa saa mbili ili wazoee? Na vibali? – *Msomaji, Kampala*

JIBU: Usiwadondoshee. Ndani ya mfuko kuna amonia nyingi, ila hewa ya kaboni imeshusha pH (maji yameelekea uasidi) na kuipunguza sumu. Ukifungua mfuko, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka kali wakati samaki bado wamo. Uache mfuko uliofungwa uelee juu ya maji kwa dakika 20 ulingane joto, fungua, pima chumvi, kisha hamisha samaki kwa mkono au kikombe mara moja, maji ya mfuko ukiyamwaga. Tangi la karantini liwe tayari na chumvi inayolingana na ya muuzaji, nao wakae humo wiki 4 hadi 6. Dawa ya shaba itumike humo peke yake. Ikiingia kwenye tangi kubwa inaua matumbawe, kamba na konokono.

Matumbawe magumu yote na farasi wa baharini wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo bila kibali cha nchi vinakotoka mzigo haupiti kihalali. Ulizia kibali cha kuingiza samaki katika Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi kabla ya kulipia, kwa sababu mzigo ukizuiwa uwanjani hata nusu siku, kilichomo kwenye mifuko kinakufa. Wala usiagize chochote kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri saa 24 baada ya kutia amonia ya miligramu 2 kwa lita, ishara kwamba bakteria wa kuila wameshakua. Kwa miamba mikavu, hilo huchukua wiki 4 hadi 6 tangu kujaza maji.