Dirisha baadaye mama, kwanza angalia juu ya kichwa chako kuna nini

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kwamba Durban kule Afrika Kusini kuna meli za matembezi zinazobeba watu kwenda kuzunguka baharini na kurudi. Sikujua nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Tukuyu mpaka Mafinga, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: chumba kipi? Siwezi kujibu zote, nimechukua hizi nne.

Mwagonile mwanangu. Mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa kumi na mbili, watoto wamechangishana watupeleke kwenye meli hiyo ya Durban siku nne. Binti yetu aliyeko Johannesburg ametutumia aina za vyumba na bei zake: cha ndani, cha dirisha, cha balkoni, halafu kuna kimoja kikubwa bei yake sijataka hata kumwonyesha mzee. Yeye anasema tuchukue cha ndani hela inayobaki tununue mabati. Mimi natapika hata kwenye hiace ya Tukuyu kwenda Mbeya. Tuchukue kipi? (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Mwagonile mama, shikamoo, na hongereni sana kwa miaka 40.

Niseme kwanza mzee hajakosea sana, maana kwenye meli hizi wa chumba cha ndani na wa balkoni kwa kawaida wanakula ukumbi mmoja, wanaangalia shoo ileile na wanaogelea bwawa moja, tofauti inaanza mkienda kulala. Cha ndani hakina dirisha kabisa, ukizima taa ni giza totoro huwezi kujua ni saa nane usiku au saa nane mchana, ukubwa wake chukulia chumba cha gesti ya kawaida pale Mwanjelwa na bafu ambalo ukigeuka kwa haraka kiwiko kinagonga ukuta. Cha dirisha kina kioo ambacho hakifunguki, mwanga unapata ila upepo hupati. Cha balkoni kina mlango wa kutokea nje na viti viwili, mnakunywa chai mnaangalia maji. Hicho kikubwa tumwachie mwenye nacho.

Ila wewe mama shida yako sio mwanga, shida yako ni tumbo, kwa hiyo kabla ya kuuliza aina ya chumba uliza kiko sehemu gani ya meli. Unakumbuka ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka, huyu juu yule chini? Anayekaa mwishoni anarushwa, anayekaa katikati hata hasikii. Meli ikikutana na mawimbi ni hivyohivyo, mbele kabisa inapanda na kushuka, nyuma nayo inafuata, katikati ndio pametulia. Halafu kadiri unavyokwenda ghorofa za juu ndivyo inavyoyumba zaidi kulia na kushoto, kama mtu aliyepanda mparachichi kwenye upepo, shina limetulia yeye kule kileleni anaita mama yake. Meli za siku hizi zina mapezi ya chuma chini ya maji yanayopunguza huko kuyumba kwa pembeni, lakini kule kupanda na kushuka kwa mbele na nyuma hayakuondoi. Kama umewahi kukaa siti ya nyuma kabisa ya basi la Dar mkashuka Kitonga basi umeshanielewa.

Kwa hiyo mwambie binti: katikati ya meli, ghorofa za chini. Na uzuri wake ni kwamba vyumba vya chini mara nyingi ndivyo bei chee, watu wanakimbilia juu wakidhani juu ndio heshima, wanalipa zaidi ili wayumbe zaidi.

Kati ya cha ndani na cha dirisha, kwako wewe ningeongeza hela kidogo nichukue dirisha, la hukohuko chini katikati. Kichefuchefu cha safari kinakuja pale sikio linapohisi mnatembea wakati jicho linaona ukuta umesimama, ubongo unachanganyikiwa. Ukiweza kuangalia nje pale bahari inapokutana na mbingu, macho na masikio yanakubaliana, unatulia. Mzee akikataa kabisa kuongeza, sawa, chukueni cha ndani palepale katikati, ukijisikia vibaya usilale humo unaugulia, panda nje ukae hewani uangalie mbali. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo famasi, zinamezwa KABLA sio ukishaanza kutapika, nyingine zinalaza usingizi mzito, na kama unatumia dawa za presha mwambie mfamasia kwanza. Tangawizi beba, mimi huwa natafuna vipande vibichi, wajukuu wananicheka lakini natembea.

Sasa kuna jambo hakuna mtu aliniambia na mimi nililipia. Safari yangu ya kwanza nilichukua chumba kizuri tu, cha dirisha, nikajisifu. Usiku wa kwanza nimelala, saa kumi na moja alfajiri juu ya kichwa changu kinaanza kitu krrrrr, krrrrr, kinavutwa kinasimama kinavutwa tena, nikadhani wanahamisha mabenchi ya kanisa zima. Kumbe juu yangu ndipo penye bwawa, vijana wanapanga viti vya watu kuota jua. Kila alfajiri hivyo mpaka tunarudi. Kwa hiyo mwambie binti afungue ramani za ghorofa kwenye tovuti ya hiyo meli, zipo wazi kwa kila mtu, atafute namba ya chumba chenu halafu aangalie ghorofa ya juu yake na ya chini yake palepale kuna nini. Kukiwa na vyumba vya kulala juu na vyumba vya kulala chini, chukua. Kukiwa na jiko, disko, ukumbi wa shoo au bwawa, mpe pole atakayekichukua. Mbele kabisa ghorofa za chini kuna mngurumo wa nanga na mashine za kusukuma meli ikiwa inaegesha bandarini, nyuma kabisa chini kuna injini.

Magoti ya mzee yakoje? Nauliza maana meli kubwa nyingi urefu wake ni karibu mita 300, chukua uwanja wa Sokoine upange mara tatu. Mkiwa mbali na lifti kila mlo ni safari. Lakini msiwe mlango unaotazamana na lifti pia, watu wanatoka disko saa nane usiku wanasimama hapo wanaagana kama ndugu wanaokwenda Ulaya. Milango minne mitano kutoka kwenye lifti inatosha.

Mitego miwili halafu nakuacha. Kuna vyumba vya dirisha vinauzwa bei ya chini kuliko wenzake, ukiuliza kwa nini unakuta nje ya kioo kumening'inia boti ya uokoaji, unaamka unatazamana na tumbo la boti. Na kuna ofa ya "chumba chochote", unalipa kidogo kampuni inakuchagulia yenyewe, unaweza kupata pazuri, unaweza kutupwa mbele kabisa kwenye ule ubao. Hiyo sio yako mama. Na mwambie binti aandike kabisa kwamba vitanda viunganishwe, vyumba vingi vina vitanda viwili vidogo ambavyo vinasogezwa pamoja au kutenganishwa, sitaki baada ya miaka 40 mkalale kama wanafunzi wa bweni.

Kuhusu mabati: bei mliyotumiwa uhakikishe ni ya mtu mmoja au ya chumba, mara nyingi inaandikwa kwa mtu mmoja kwenye chumba cha watu wawili. Juu yake meli nyingi zinaongeza bakshishi ya wahudumu kwa kila mtu kwa kila siku, soda na bia zinakuja na bili yake, waifai ndio usiseme. Jumlisheni hayo yote kwanza ndio mjue yamebaki mabati mangapi.

Dada mambo. Mimi natokea Makambako, nafanya biashara ya mbao, sijaoa. Nimeona bei ya chumba cha ndani nikafurahi, nimefika kwenye kulipa inakuja karibu mara mbili. Huu si wizi? (Mzee wa Mbao)

Poa mdogo wangu. Sio wizi ingawa inauma kama wizi. Chumba kimepigiwa hesabu ya watu wawili, ukiingia peke yako kampuni inakulipisha na kile kitanda ambacho hakuna mtu. Meli chache zina vyumba vidogo vya mtu mmoja ila havipo vingi na vinaisha mapema, uliza. La sivyo tafuta mshkaji mgawane, au subiri vipindi wanavyopunguza hiyo nyongeza. Ile ofa ya chumba chochote niliyomkataza mama wa Tukuyu wewe ndio yako, kijana anayelala kwenye fuso la mbao usiku kucha hawezi kunidanganya kwamba atasumbuliwa na viti vya bwawani. Epuka tu chumba chenye mlango wa ndani wa kuungana na cha jirani, ule mlango unapitisha sauti zote, utajua ugomvi wa familia usiyoijua. Na acha nyumbani pasi, birika la umeme na eksitensheni, kwenye meli wanaogopa moto kuliko kitu chochote, watavichukua pale mlangoni wakurudishie mwisho wa safari.

Kamwene dada. Mume wangu yuko masomoni Italia, anataka mimi na watoto wawili (miaka 4 na 7) tumfuate likizo tupande meli inayozunguka Bahari ya Kati, inapita Hispania, Ufaransa na Tunisia. Tuchukue balkoni ili watoto wapate hewa? (Mama wawili, Kihesa, Iringa)

Kamwene! Kabla ya chumba, viza. Tunisia haimo kwenye Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo meli ikitia nanga kule na kurudi Italia inahesabika umetoka na kuingia tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi, omba ya kuingia zaidi ya mara moja na uiseme hiyo ratiba ya meli kwenye maombi. Nimeiweka mbele kwa sababu chumba ukikosea utalala vibaya, viza ukikosea hupandi.

Kwenye ile ya Durban hatuna huo mtihani, Afrika Kusini na Msumbiji Watanzania tunaingia bila viza kwa matembezi mafupi, ndio maana naisifu.

Haya chumba. Mko wanne, tafuta cha watu wanne ambacho vitanda viwili vinashuka kutoka darini au ukutani, watoto wataona ni maajabu na mara nyingi mtu wa tatu na wa nne wanalipa pungufu. Vyumba hivyo havipo vingi, wahi. Balkoni na mtoto wa miaka 4 mimi moyo unanienda mbio, ukingo wenyewe ni mrefu na imara ila hatari ni viti, mtoto anasogeza kiti anapanda. Ukiichukua basi viti viwe ndani muda wote ambao hamjakaa nje wenyewe, na kitasa kiwe kimefungwa. Mimi ningechukua cha ndani kikubwa au vyumba viwili vya ndani vyenye ule mlango wa kuungana niliomkataza Mzee wa Mbao, wakati mwingine viwili vya ndani havifiki bei ya kimoja cha balkoni, mnapata na mabafu mawili. Giza la chumba cha ndani kwa watoto ni dawa, wanalala mpaka saa mbili asubuhi, acha tu taa ya bafuni na mlango wazi kidogo. Na lile zoezi la usalama kabla meli haijaondoka nendeni wote, mkamwonyeshe na wa miaka 4 mahali pa kukutania.

Mhariri, nyie kila siku Durban, Italia. Sisi wa Kyela ziwa tunalo, meli tunazo. Au mpaka iwe na bwawa la kuogelea? (Mvuvi, Matema)

Kaka umenipata, nakiri.

Meli zetu ni za kazi, zinabeba watu, mchele na mzigo wa duka, hakuna mtu atakayekuja kukunja taulo lako umbo la tembo. MV Mbeya II ya hapo Ziwa Nyasa, iliyozinduliwa 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ila nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui. MV Liemba, ile iliyokuwa ikishuka Ziwa Tanganyika hadi Kasanga na Mpulungu, iliundwa 1913 huko Papenburg Ujerumani kwenye karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipande ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar na kwa treni kuelekea Kigoma, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 isije ikatekwa, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 na jina la Liemba. Karakana hiyohiyo ya Papenburg ndiyo leo inaunda haya majumba ya kitalii yanayobeba maelfu ya watu. Kwa hiyo aliyewahi kulala kwenye kabini ya Liemba amelala kwa fundi yuleyule.

Na masharti hayabadiliki. Kuanzia Mei mpaka Agosti Mwera ukivuma kwenye Nyasa, wewe mvuvi unajua kuliko mimi, mbele ya meli hapakaliki. Ukipata nafasi ya kuchagua kaa katikati, mbali na bomba la moshi, upande ambao upepo haukupigi usoni, na blanketi la Tukuyu ubebe hata kama Kyela umeondoka unatoka jasho. Nikija Matema nitakutafuta unionyeshe mahali unapokaa wewe.