Usipeleke hiyo barua ya kuacha kazi kabla hujasoma hapa

Mkuu, simama hapo hapo, hiyo barua usiipeleke! Unasema una ajira ya kudumu, umepata kampuni inayokupa mkataba wa mwaka mmoja na nyongeza ya laki tatu, bosi mpya kakwambia "mkataba ni utaratibu tu, utaongezewa", na unauliza kipi bora. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2018.

Nilikuwa mhasibu, ajira ya kudumu, mwaka wa sita. Niliacha mwenyewe, na ukiacha mwenyewe kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi hukipati. Hilo nililimeza. Kilichonimaliza ni mwisho wa ule mkataba mpya. Wiki mbili kabla nikamfuata afisa utumishi. "Usiwe na wasiwasi, faili lako liko mezani kwa mkurugenzi." Mkataba ukaisha Ijumaa. Jumatatu mlinzi getini akaniambia jina langu halipo. Nikampigia simu yule afisa: "Kapumzike nyumbani, tutakuita wiki ijayo." Wiki ijayo, wiki ijayo, miezi miwili! Ahadi haisongwi ugali. Watoto wamerudishwa kwa ajili ya ada, na mimi bado namtetea yule bwana mbele ya mke wangu.

Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wanaosikiliza migogoro ya kazi hapa Tanzania, nikaambiwa lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Nikaomba kuongezewa muda. Nikaulizwa: nani alikwambia usubiri, na ushahidi uko wapi? Sikuwa na barua, sikuwa hata na meseji. Yote ya mdomo. Yule afisa akakana mbele yangu, kwa sauti ile ile ya upole, na ombi langu likakataliwa. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Mtu anayejua siku zinakatika na bado anakubembeleza utulie, huyo hakusahau.

Inauma zaidi kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inasema kunyimwa mkataba mpya wakati ulikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa ni sawa na kuachishwa kazi. Ila ni wewe unayetakiwa kuonyesha matarajio hayo yametoka wapi: kwamba ulishaongezewa huko nyuma, au mwajiri aliahidi.

Kwa hiyo kabla hujasaini, mwandikie huyo bosi barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo, mkataba wangu utaongezwa baada ya mwaka kazi ikiwa nzuri. Naomba unithibitishie." Asipojibu, baki ulipo, hata akipandisha iwe laki tano. Akijibu, ichapishe uiweke nyumbani, maana barua pepe ya ofisini unafungiwa siku unayotoka. Na mkataba ukiisha bila mpya, anza kuhesabu hizo siku 30 usiku huohuo, hata kama bado anakuita ndugu yangu.

Wamekupa mpaka lini kujibu? Kama ni wiki hii, iandike leo.