Kiraka changu hakikuwa na kosa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akilalamika kwamba imeji (kifurushi cha programu pamoja na mazingira yake, kinachowashwa kama kontena) ya Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, aliyoiunda mwenyewe ikiwa na kiraka chake inakataa kufungua data iliyokuwapo tayari, ilhali imeji rasmi inaifungua bila shida. Ujumbe wake ulinitonesha kidonda, kwa kuwa kosa hilo nimewahi kulilipia usiku kucha.

Nilikuwa nimerekebisha mistari michache tu (ndiyo kiraka changu) ndani ya ceph-mon, yaani monita, programu inayofuatilia hali ya klasta ya Ceph, kwenye toleo la 18. Kwa kuwa Ubuntu ndiyo niliyoizoea, nilikompaili msimbo humo, nikatengeneza vifurushi na kuunda imeji juu yake, kisha nikaiwasha kwa Podman, programu ya kuendesha kontena, juu ya saraka ileile ya data. Monita ilizima papo hapo, ikiacha mstari mmoja kwenye logi: (13) Permission denied. Mwenzangu wa kazi alicheka na kuniuliza ni nani aliyenituma kugusa kitu kinachofanya kazi. Maneno hayo yaliniuma, nami badala ya kutulia nikaanza kukishuku kiraka changu, nikakisoma na kukikompaili upya mara tatu.

Karibu na alfajiri ndipo nilipoandika ls -ln, inayoonyesha wamiliki wa mafaili kwa nambari, badala ya ls -l, inayowaonyesha kwa majina. Mafaili ya data yalikuwa ya mtumiaji nambari 167, na mtumiaji ceph ndani ya imeji yangu alikuwa nambari 64045. Jina ni lilelile pande zote mbili, lakini mfumo wa mafaili hauhifadhi jina bali nambari. Vifurushi vya Ceph vya jamii ya Red Hat humpa mtumiaji huyo 167, na vya Debian na Ubuntu humpa 64045. Imeji rasmi niliyokuwa nikiitumia ilijengwa juu ya CentOS Stream, ambayo ni ya jamii ya Red Hat. Kiraka hakikuwa na kosa lolote, na hadi leo kinafanya kazi. (Yule mwenzangu hajawahi kuniuliza habari za kiraka hicho tena.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na imeji rasmi ya toleo lilelile, kompaili ndani ya mazingira yanayolingana nayo, kisha badilisha programu uliyoigusa pamoja na maktaba zake tu. Ukishikilia Ubuntu, mtengeneze mtumiaji ceph mwenye nambari 167 kabla ya kusakinisha vifurushi. Usikimbilie chown, amri ya kubadilisha mmiliki wa mafaili, kwa maana siku utakapotaka kurudi kwenye imeji rasmi, mlango utakuwa umeufunga mwenyewe. Na kila imeji ipe lebo mpya: Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena kwenye mashine nyingi, ziitwazo nodi) yenye agizo la IfNotPresent haivuti tena lebo ambayo nodi inayo tayari, hivyo utajikuta na nodi mbili zenye msimbo wa zamani na moja yenye mpya, zote zikidai jina moja. Tuache kiburi cha kudhani kwamba kilichojengeka bila kosa kiko tayari kubeba data ya watu.

Msomaji wangu nimemwomba anitumie kwanza matokeo ya ls -ln ya saraka ya data na ya ndani ya imeji. Kiraka chake bado sijakifungua.