Sheria ya wajane wa Kihindu ya 1856 ilikwama wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Mwaka 1856 Waingereza waliwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena, lakini walioolewa walikuwa wachache. Je, sheria ilikuwa na kasoro au jamii iliikataa? Na kwa nini Vidyasagar, mpinga mila aliyeipigania sheria hiyo, alitegemea maandiko ya kale?

Jibu: Mwalimu, nianze na Vidyasagar. Alikuwa mkuu wa Chuo cha Sanskrit mjini Calcutta, na aliwajua vizuri wapinzani wake. Wahindu wa tabaka za juu wasingeshawishika kwa hoja ya huruma peke yake, walitaka andiko. Akawapa Parashara Samhita, andiko la kale la sheria za Kihindu, linalomruhusu mwanamke kuolewa tena mumewe akifa, akipotea au akijitoa duniani na kuwa mtawa. Mwanamageuzi wa Bengal, Ram Mohan Roy, alishapita njia hiyo alipopinga sati, yaani kumchoma mjane na maiti ya mumewe, kabla Gavana Mkuu Mwingereza, Bentinck, hajaipiga marufuku mwaka 1829.

Kuhusu sheria, majibu yako yote mawili ni sahihi. Familia iliyomwoza mjane ilitengwa: haialikwi, hailiwi chakula chake, mabinti zake hawaposwi. Serikali haikuwa na dawa ya hilo.

Ila vitabu vya shule huruka kifungu cha 2. Kilisema mjane akiolewa tena anapoteza haki yake katika mali ya marehemu mumewe, kana kwamba naye amekufa siku hiyo, na mali inakwenda kwa warithi wengine wa mume. Hebu fikiria shemeji anayelitaka shamba: sheria ya ukombozi imempa sababu ya kushangilia harusi.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Tabaka nyingi za chini ziliwaruhusu wajane kuolewa tangu zamani, na baadhi ziliwaachia mali. Sheria haikutungwa kwa ajili yao, lakini kesi zilipofika mahakamani, Mahakama Kuu za Calcutta, Bombay na Madras ziliwabana kwa kifungu hichohicho. Allahabad ilikataa: ilisema mjane ambaye mila yake ilimruhusu kuolewa hakuihitaji sheria hii, kwa hiyo haimnyang'anyi kitu. Kwa maoni yangu, Allahabad ndiyo iliyoisoma sawasawa.

Darasani, wape wanafunzi kifungu hicho wakijadili kabla hujawatajia mwaka.