Taa za Mikanda ya Gari: Mafundi Wajibu Wasomaji

SWALI: Naendesha teksi usiku, mara nyingi kutoka Nyali kwenda uwanja wa ndege. Abiria wa nyuma hupapasa kiti gizani wakitafuta pa kuchomeka mkanda, wakikosa huuachilia. Nimeona magari ya bei kubwa yenye vifungio vinavyowaka taa. Je, naweza kuweka kwenye Toyota Fielder yangu?
Dereva, Kisauni

JIBU: Waweza, kaka, ila kabla ya kununua waya vua kava za viti utazame. Kava zinazoshonwa mjini mara nyingi hufunika kiti kizima cha nyuma, vifungio vikabaki chini yake au vikachungulia kwenye tundu lisilopitisha vidole. Ukiweka taa hapo utakuwa unaimulikia sponji. Mpe mshonaji apanue tundu na kulipindia ukingo, kisha vuta kila kifungio kisimame juu ya kiti. Kuna teksi ambazo kazi huishia hapo.

Magari uliyoyaona yana mtambo wa kiwandani. Mercedes-Benz S-Class ya 2013, kwa mfano, ilitoka na kifungio cha nyuma chenye taa na mota: mlango ukifunguliwa kinapanda juu kumfuata abiria, akishachomeka kinashuka na kuukaza mkanda. Hicho hakihamishiki kwenye Fielder. Unachoweza kuiga ni taa tu, nayo ikae nje ya kifungio.

Nunua utepe wa LED wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita, mweupe au wa kijani. Hukatwa kila baada ya taa tatu, kwenye alama ya mkasi. Kipande kimoja ni sentimita 5 na rezista zake, yaani vipande vidogo vinavyopunguza mkondo wa umeme, zimo tayari. Kifungio kimoja, kipande kimoja. Rangi nyekundu iache, maana imetengewa kitufe cha kufungulia mkanda, ili mtu akikitafuta kwa haraka asibabaike. Bandika kipande chini ya mgongo wa kiti, juu kidogo ya kifungio, kikimulika chini. Usikibandike kwenye shina la kifungio. Shina hupindwa kila safari na waya utakatika mapema.

Sasa umeme. Mafundi wengi huunga kwenye taa ya dari kwa sababu ni karibu. Lakini katika magari mengi mlango ukifungwa taa hiyo huzimika, papo hapo au baada ya muda mfupi, na abiria huketi na kufunga mlango kwanza ndipo akumbuke mkanda. Kwa teksi tumia waya unaomulika vitufe vya dashibodi, ule unaowaka pamoja na taa ndogo za gari. Upime kwa mita ya volti: taa zikizimwa isome 0, zikiwashwa isome volti 12 au zaidi. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na ulipochukulia umeme, isiwe huko nyuma kwenye kiti, kwa kuwa waya ukikwaruzwa njiani fyuzi ya nyuma haiulindi. Waya wa milimita mraba 0.5 unatosha. Upitishe chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango, mbali na reli za kiti.

Upande wa hasi uunge kwenye bolti yoyote ya bodi iliyokwanguliwa rangi, isipokuwa bolti ya mkanda. Bolti ya mkanda hukazwa kwa nguvu maalumu, katika Toyota nyingi nyutoni-mita 42, na kichwa cha waya kikiwekwa chini yake haikai sawasawa. Tumeona kazi nzuri ya taa iliyolegeza mkanda wenyewe.

La mwisho ni chumvi. Hewa yetu ya pwani hula shaba ya utepe pale ulipokatwa, ikawa ya kijani, taa zikaanza kukonyeza. Ziba ncha zote kwa silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki ina asidi, nayo yenyewe hula shaba.

SWALI: Tuliunga LED mojamoja, kila moja na rezista ya omu 1,200, kwenye matatu ya abiria 14. Ziko sawa mpaka leo. Tulipofanya vivyo hivyo kwenye basi dogo la volti 24, rezista zimegeuka nyeusi. Tatizo ni rezista mbovu?
Makanika, Changamwe

JIBU: Rezista hazina kosa, hesabu ndiyo iliyobadilika. Injini ikiunguruma, gari la volti 12 hufika kama 14.4. LED nyeupe hula kama 3.2, zinabaki 11.2, gawanya kwa 1,200 upate miliampea 9.3. Joto kwenye rezista ni wati 0.1, na ya robo wati huvumilia. Basi lako hufika karibu volti 28. Zinabaki 24.8, mkondo unakuwa miliampea 20.7, na joto linafika nusu wati, yaani mara mbili ya uwezo wa rezista hiyo.

Tia ya omu 4,700, robo wati. Mkondo utakuwa kama miliampea 5 na joto wati 0.13. Mwanga utapungua, na hiyo ni faida: taa kali nyuma ya dereva hurudi kwenye kioo cha mbele ikamziba macho. Viti 25 kwa mkondo huo havifiki ampea 0.15, kwa hiyo betri haitakusumbua hata konda akisahau kuzima usiku mmoja.

Jambo jingine kuhusu matatu. Tangu kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, zianze kutekelezwa mwaka 2004, magari haya yanatakiwa kuwa na mikanda, na mingi iliyofungwa ni ya kiunoni, ncha mbili zikilala kitini. Kwenye giza abiria huchanganya ncha yake na ya jirani. Mulika upande wenye kifungio pekee. Mkimulika pande zote mbili mtakuwa mmewarudisha palepale.

SWALI: Fundi aliweka taa kwenye vifungio vya mbele. Tangu siku hiyo taa ya mfuko wa hewa haizimi. Nifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Bamburi

JIBU: Mama, usimrudishie fundi huyo aendelee kupekua. Chini ya viti vya mbele kuna konekta za rangi ya manjano, za mfuko wa hewa na za baruti ndogo inayokaza mkanda gari likigonga. Pengine moja imechomolewa au haikubana vizuri. Atakayeitazama achomoe kwanza hasi ya betri, angoje angalau dakika 3, ndipo aguse. Konekta hizo hazipimwi kwa taa ya majaribio wala kwa kipimo cha omu. Mkondo mdogo tu unaweza kulipua baruti. Ikisharudishwa, taa ikigoma kuzima huhitaji mashine ya kusoma na kufuta kosa. Na kama kifungio kilitobolewa ili taa iingie ndani, kibadilishwe kizima.

SWALI: Macho yangu hayaoni vizuri jioni, na gari la mwanangu sitaki likatwe waya. Kuna njia nyingine?
Bibi, Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo, bibi. Mwambie anunue utepe unaong'aa gizani, akate kipande cha sentimita 2 kwa 3 na kukibandika ubavuni mwa kifungio, mbali na mdomo wa kuchomekea. Utepe huo hunywa mwanga kwanza. Gari likishinda kwenye gereji yenye giza hautang'aa, basi aumulike kwa tochi ya simu dakika moja kabla hamjaondoka.