Maswali na majibu: Namna senario ya Le Sens de la vie ilivyogeuka njiani

Tangu niandike juu ya Le Sens de la vie, filamu ya kuchekesha ya kikundi cha Monty Python cha Uingereza iliyotoka mwaka 1983, maswali yamekuwa mengi, hasa ya vijana wa Lubumbashi wanaotengeneza vichekesho vifupi kwa simu. Kwa asiyeiona: haina hadithi moja. Ni vipande vinavyofuatana, toka kuzaliwa hadi kufa. Leo nachukua maswali yanayogusa senario.

Papa, ni kweli waliandika bila kujua filamu inahusu nini? (Katuba)

Kweli kabisa. Walikuwa na rundo la vipande, vingine vizuri sana, lakini havikushikana. Kuna wakati walifikiria kuifanya filamu ya Vita Kuu ya Tatu. Mwaka 1982 wakaenda Jamaica kukaa pamoja na kuandika, na huko nako mambo yakagoma hadi wakakaribia kuacha. Terry Jones, aliyekuja kuiongoza filamu, ndiye aliyeona kwamba vichekesho wanavyo tayari, kinachokosekana ni uzi wa kuvifunga: maisha ya mtu, hatua kwa hatua. Wakapanga upya kila kitu kwa kufuata wazo hilo.

Wenye pesa, studio ya Universal ya Marekani, hawakuonyeshwa senario. Walipewa shairi lililoeleza filamu itakuwaje, wakakubali.

Kwa nini wale wazee wa ofisini wanatangulia, halafu wanarudi katikati? (Kamalondo)

Hili ndilo swali nililolisubiri. Kipande cha wazee kilikuwa mali ya Terry Gilliam, aliyekuwa mchoraji wa katuni wa kikundi. Mwanzoni kilipangwa kuwa katuni fupi ndani ya filamu, mbali na mwanzo. Gilliam akaomba akifanye na waigizaji, akapewa studio yake na watu wake, na kazi ikawa inakua tu. Ilipofika mwisho, katuni ya dakika chache ilikuwa imekuwa filamu ndogo ya dakika kama 16.

Itazameni kwa utulivu. Makarani wazee wanateswa na mabosi wapya, kisha wanaasi. Wanang'oa mapanga ya feni kuyafanya silaha, makabati ya mafaili yanakuwa mizinga, turubai la ujenzi linakuwa tanga, na jengo zima linang'oa nanga na kuondoka mjini kama meli ya maharamia. Kila kitu kilichokuwa kinawafunga kazini kinageuka chombo cha vita. Kwangu ndicho kipande kizuri kuliko vyote.

Tatizo lilikuwa kwamba katikati ya filamu kilivunja mwendo. Kina pumzi yake, kinaenda taratibu, na vichekesho vinavyokizunguka vinakimbia. Kukifupisha kungekiua. Basi wakakitoa, wakakiweka mwanzo kabisa kama filamu ya utangulizi. Kisha wakaongeza kitu kidogo cha ajabu: filamu kubwa ikiwa inaendelea, lile jengo linatokea dirishani na kuishambulia! Makosa ya urefu yakazaa kichekesho kipya ambacho hakikuwa kwenye karatasi.

Na yule mnene anayepasuka mgahawani? (Ruashi)

Kipande hicho kiliposomwa mara ya kwanza, wenzake Jones hawakukitaka, kikaondolewa. Baadaye John Cleese, mwenzao wa kikundi, alimpigia simu Jones kumwambia kwamba amekisoma tena na ameona kina kitu. Alichokiona ni mhudumu: kadiri mteja anavyotapika na kuchafua, yeye ndivyo anavyozidi kuwa na adabu. Cleese akaichukua nafasi hiyo mwenyewe, Jones akavaa mwili wa bandia wa yule mteja. Matapishi yalikuwa supu.

Sisi hatuna Universal. Tunaruhusiwa kubadili senario siku ya kupiga picha? (Kenya ya Lubumbashi)

Mdogo wangu, hapa Lubumbashi ndivyo mabingwa walivyofanya kazi. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtafiti wa utamaduni, aliwauliza wasanii wa kikundi cha mwigizaji Mufwankolo maana ya msemo « le pouvoir se mange entier », yaani madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu tu, wakaamua kuufanyia mchezo. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walikubaliana juu ya vipande na mpangilio, wakabishana, wakajaribu, na kila mwigizaji akatafuta maneno yake kwa Kiswahili chetu. Kisha mchezo ukapigwa picha kijijini Kawama kwa ajili ya televisheni. Waulizeni wazee wenu waliowaona Mufwankolo na wenzake wakicheza.

Kwa hiyo badilini, ila mpangilio mkubaliane mapema. Siku ya kamera si siku ya kugombana nani anaingia kwanza.

Kile kipande cha vita vya Wazulu walikipigia picha Afrika Kusini? (Bukavu)

Hapana. Ni Uskoti, karibu na Glasgow.

Watoto wa ule wimbo wa familia ya Kikatoliki walisikia lile tusi la baba? (Kampemba)

Hawakulisikia. Michael Palin wa kikundi, anayecheza baba, alipaswa kutaja kiungo cha mwanaume mbele ya umati wa watoto, naye akakataa. Akasema « soksi », na neno la senario likaingizwa baadaye kwa sauti. Simamisheni hapo mtazame midomo yake, mtaona haifuati sauti. Watoto wenu lakini msiwaonyeshe, na Ireland iliipiga marufuku filamu yote.

Kuna neno lililozuka papo kwa papo likabaki? (Katuba tena)

Lipo moja tamu. Kifo anaingia kwenye chakula cha jioni, anawaambia wageni wameshakufa wote kwa sababu ya mousse ya samaki (chakula laini cha kusagwa) iliyoharibika. Wanatoka roho zao zikimfuata. Palin, anayecheza mgeni Mmarekani, akaongeza lake ambalo halikuandikwa: lakini mimi hiyo mousse hata sikuila!